Kozi ya pakeji inatufunza kuwa wateja tu, tujaribu programu huria

Ukimaliza KCSE, kabla hata matokeo hayajatoka, kuna mtu nyumbani atakuambia usikae bure: "Enda ufanye pakeji." Anaweza kuwa mama, shangazi, au yule ankal wa Industrial Area ambaye mwenyewe hajawahi kufungua Excel. Utachangiwa pesa. Utaenda kwenye chumba kimoja juu ya duka la viatu Kawangware, au kando ya barabara pale Makina au Olympic, Kibera, na kwa miezi miwili mitatu utafunzwa Word, Excel, PowerPoint na Access. Utapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Cheti kitaingia kwenye bahasha ya kaki, kikae na vingine.

Sina ugomvi na wazazi wetu. Waliona kompyuta ndiyo mlango wa ofisi na wakajinyima kutusukuma tuupitie. Ugomvi wangu ni na kinachofunzwa ndani ya hicho chumba. Unafunzwa mahali pa kubonyeza kwenye programu za kampuni moja, basi. Hufunzwi kompyuta inafanya nini unapobonyeza. Na mara nyingi programu zenyewe zimewekwa kwa kraki, jambo ambalo mwalimu hulijua na hulinyamazia. Siku unayopata laptopu yako mwenyewe, kazi ya kwanza ni kumtafuta fundi mwenye flashi "akuwekee Windows na Office". Umemaliza kozi na bado humiliki kitu, umejifunza tu kuwa mteja, tena mteja asiyelipa na asiyeweza kulalamika.

Mimi ni mtu wa kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili anasoma hapa). Naishi Kawangware, na wikendi nyingi nashinda kwenye saiba ya rafiki yangu Kibera, nikitengeneza mashine zilizogoma. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM 4GB, niliinunua Sh12,000 ikiwa na stika ya ofisi ya Uingereza chini yake. Ndani yake hakuna kitu cha kuibwa. Inaendeshwa na Linux Mint, barua naandika kwa LibreOffice, picha nazikata kwa GIMP, na muvi naangalia kwa VLC kama wewe. Zote hizo ni programu huria.

Nieleze neno hilo kwa kifupi maana wengi hudhani huria ni bure. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi aliyoandika mtengenezaji, uko wazi. Unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kuifungua uone inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kumpa jirani nakala bila kuomba ruhusa. Richard Stallman, Mmarekani, alianza kuidai haki hiyo kwa sauti mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, akaandika kiini cha mfumo tunaouita Linux. Kuwa bure kifedha ni matokeo tu.

Na kabla hujasema hayo ni mambo ya mageek, itoe simu yako mfukoni. Iwe Tecno, Infinix au Samsung, Android yake imejengwa juu ya kiini hicho hicho cha Linux. Hujawahi kusikia mtu mtaani akisema simu yake ni ngumu kutumia kwa sababu ni Linux.

Sasa twende kwenye saiba. Kuna jambo hutokea karibu kila wiki, na kama umesoma chuo chochote nchi hii unalijua. Mwanafunzi anaingia mbio, ana projekti ya kuprinti, anachomeka flashi, na mafaili yote yamegeuka kuwa shotikati. Akibonyeza, hakuna kinachofunguka. Jasho linaanza. Ni kile kirusi cha shotikati, na mara nyingi kimetoka kwenye saiba ile ile aliyotumia jana, ambako Windows iliwekwa kwa kraki na antivairasi ilizimwa ili kraki ifanye kazi. Hapo ndipo watu hulipa ile Windows ya "bure". Wanailipa kwa projekti za watoto wa wenyewe.

Tunachofanya sisi ni kuichukua ile flashi na kuichomeka kwenye mashine ya Linux iliyo pembeni. Kirusi hicho kiliandikwa kwa ajili ya Windows, hapa hakina cha kushika. Unabonyeza Ctrl na H ili mafaili yaliyofichwa yaonekane, na mara nyingi unakuta folda isiyo na jina. Ndani yake kazi yote ipo, salama kabisa. Kirusi kiliificha tu. Dakika tano. Nimeona msichana wa TVET akilia kwa furaha akitaka kutununulia soda. Hatukumdai kitu zaidi ya pesa ya kuprinti, lakini nilimwonyesha alichokuwa anakiangalia kwenye skrini, na wiki iliyofuata alimletea mwenzake akaifanya mwenyewe. Cheti cha pakeji hakijawahi kumpa mtu uwezo huo mdogo.

Lakini kama ingekuwa ni flashi tu, nisingeandika. Ninachotaka ulione ni kwamba programu huria si kitu cha kuletwa mtaani kwetu. Imewahi kutumika hapa hapa kufanya mambo mazito kuliko barua ya kuomba kazi.

Ilipofika 2009, Kibera kwenye ramani za mtandaoni ilikuwa doa tupu. Barabara ya Ngong ilionekana, uwanja wa gofu ulionekana, halafu katikati hakuna kitu, kana kwamba maelfu ya watu walikuwa wanalala hewani. Mwishoni mwa mwaka huo mradi wa Map Kibera ulianzishwa na Mikel Maron na Erica Hagen, na vijana 13 wa vijiji vya Kibera wakapewa vifaa vya GPS. Walitembea. Vichochoro, vilabu vya maji, vyoo, zahanati, makanisa, misikiti, shule za mabati, vyote wakavirekodi na kuviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Programu walizotumia kuchora zilikuwa huria pia. Hakuna aliyesubiri kampuni iamue kama Kibera ina faida ya kuchorwa.

Mwaka huo huo serikali ilifanya sensa, ikahesabu Kibera watu 170,070. Hapo awali magazeti ya nje na mashirika yalikuwa yakituambia ni milioni moja na zaidi. Watu wanabishana kuhusu idadi hiyo hadi leo, na sitaingia huko. Ila jiulize: mtaa ambao wengine wanaweza kuukadiria wapendavyo, kutoka laki moja na nusu hadi milioni, unahitaji nini kama si vijana wake wenye vifaa vya kujihesabu wenyewe? Baadaye ramani hiyo ilitumika kuorodhesha mamia ya shule za Kibera, nyingi zikiwa ndogo za mtu binafsi zisizoonekana kwenye orodha rasmi.

Rudi nyuma kidogo, Januari 2008. Kibera inachomeka baada ya uchaguzi, reli imeng'olewa, habari za moja kwa moja zimepigwa marufuku. Ory Okolloh, wakili aliyekuwa akiandika blogu, akauliza kama kuna mtu anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha vurugu ziko wapi. Katika siku chache David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakawa wameitengeneza Ushahidi. Mtu alituma ujumbe, ukaonekana kwenye ramani. Kisha wakauachilia msimbo huo ili yeyote autumie. Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi Januari 2010, watu waliokwama kwenye vifusi walitafutwa kwa kutumia programu iliyozaliwa kwa sababu ya machungu ya Kenya. Mwaka huo pia iHub ilifungua milango kwenye jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong. Kutoka Kibera hapo unatembea tu. Kawangware si mbali.

Hujawahi kusikia hayo kwenye darasa la pakeji, sivyo? Mimi pia niliyajua kwa kusoma peke yangu.

Hata wewe, kama umewahi kuchukua kibarua cha kuuliza watu maswali nyumba kwa nyumba na tableti, kuna uwezekano mkubwa ulikuwa unatumia ODK au KoboToolbox. Zote huria. Ukienda kliniki ya umma ya kuchukua dawa za ARV na karani akatafuta jina kwenye skrini, mara nyingi hiyo ni KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS, mfumo ambao mizizi yake iko Eldoret kwenye ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na taasisi ya Regenstrief ya Marekani. Takwimu za afya za nchi nzima zimekuwa zikiingizwa kwenye DHIS2, ya Chuo Kikuu cha Oslo, tangu 2011. Mfumo wa masomo ya mtandaoni wa chuo chenu huenda ni Moodle. Kuna kazi za mshahara hapo, za kuisimamia mifumo hiyo, kuitengeneza ikiharibika, kuwafunza manesi. Mwenye kozi ya pakeji hawezi hata kuomba, kwa sababu hajui vitu hivyo vipo.

Kwa upande wa sanaa ni vile vile. Muvi ya katuni ya Flow kutoka Latvia ilishinda Oscar mwaka 2025, na ilitengenezwa kwa Blender. Hiyo Blender unaweza kuipakua leo, ile ile, bila kraki, bila kupunguziwa kitu. Wenyewe waliikomboa mwaka 2002 kwa michango ya watu, euro 100,000, ili msimbo uachiliwe. Harambee kabisa.

Nisikudanganye lakini. Kuna shida, na mtu akikuambia hakuna huyo anauza kitu.

Ya kwanza ni bando. Kupakua mfumo mzima ni karibu GB tatu, na masasisho ya kila mara yanakula data ambayo ungetumia kwa TikTok au kutuma maombi ya kazi. Sisi hupakua mara moja kwenye saiba, tunaweka kwenye flashi, flashi inazunguka. Sheria inaruhusu, na huo ndio uzuri wake. Tumeweka pia Kiwix na Wikipedia ya Kiswahili kwenye mashine moja, inasomeka bila intaneti, na watoto wa shule huja kuandika insha hapo stima ikiwepo.

Ya pili ni fomu. Kuna ofisi zinazokutumia faili la Excel lenye makro, na ukilifungua kwenye LibreOffice linakuangalia tu. Barua uliyopanga vizuri pia inaweza kuruka mistari ukimtumia mtu mwenye Word. Dawa ya barua ni kuituma kama PDF. Dawa ya fomu bado ni kuwa na mashine moja ya Windows yenye leseni halali pale saiba, na sioni aibu kusema hivyo. Gemu kadhaa pia hazikubali, na kama kazi yako ni Photoshop na wateja wako wanataka faili za Photoshop, GIMP itakuchosha.

Ya tatu nimeulizwa mara nyingi na wazee: kama msimbo uko wazi, mwizi si atauona? Ataona, ndiyo. Na wengine pia. Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejifanya mchangiaji mwema kwa muda mrefu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya XZ Utils, programu ndogo inayokaa kwenye mashine nyingi za Linux. Aliyemkamata ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft kwa kweli, aliyeona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde akaamua kufuatilia. Aliweza kufuatilia kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Lakini kisa hicho kinasema pia jambo lisilopendeza: programu hiyo inayotegemewa na dunia ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka, asiyelipwa. Sisi wote tulikuwa tunakula kwake bila kuosha sahani.

Kuna shida ya nne ambayo haina uhusiano na mashine. Ni aibu. Mtaani kitu cha bure kinanukia umaskini. Kijana ana laptopu ya Linux inayofunguka haraka kuliko ya mwenzake, lakini anaificha kwa sababu haina ile nembo ya dirisha. Mwenzake ana Windows ya kraki yenye maandishi pale chini yakimwambia aiwashe rasmi, na ndiye anayeonekana amejipanga! Hapo ndipo nakereka. Mashine nyingi zinazobeba intaneti yenyewe zinaendeshwa na Linux, na wenye kampuni hizo kubwa hawakuichagua kwa kukosa pesa.

Na sasa saa imefika kwa wengi, wapende wasipende. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha rasmi kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni, kwa Intel kuanzia kizazi cha nane. Angalia laptopu za mtumba zilizojaa Luthuli Avenue, halafu angalia zile za kwenye vyumba vya pakeji. Nyingi haziwezi. Wenye vyumba hivyo wana njia tatu: wabaki na mfumo usiozibwa mashimo, wakraki kipya kwa ujanja, au wabadilishe. Mashine hizo hizo zikiwekwa Linux Mint toleo jepesi la Xfce zina miaka mingine ya kazi.

Kwa hivyo wewe unayeenda kulipa karo ya pakeji mwezi huu, uliza maswali kabla hujatoa pesa. Uliza kama programu zao zina leseni. Uliza kama kuna hata mashine moja ya Linux. Uliza kama utafunzwa kuweka mfumo mwanzo hadi mwisho, kufungua mashine na kusoma ujumbe wa kosa badala ya kuita fundi. Uliza kama utapewa nakala ya kila programu uliyofunzwa uende nayo nyumbani, kihalali. Mwenye chuo akikuangalia vibaya, pesa ni zako, na vyumba hivyo ni vingi. Wakiulizwa na wanafunzi kumi watatu wataanza kubadilika, maana hao ni wafanyabiashara na wanasikia wateja haraka kuliko wizara.

Na wewe ambaye tayari unajua kompyuta, usijifiche nyuma ya hoja kwamba huwezi kuandika msimbo. Kiswahili unakijua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, kazi iliyofanywa na watu waliokaa chini kuamua "save" iwe "hifadhi". Leo tafsiri ya LibreOffice hufanyiwa kwenye tovuti ya Weblate, sentensi moja moja, na unaweza kuzifanya hata kwa simu ukiwa kwenye matatu ya 46 imekwama. Mtabishana na Watanzania kama ni nenosiri au nywila. Bishaneni. Kuna pia Common Voice ya Mozilla, ambapo unasoma sentensi kwa sauti yako ili mashine zijifunze kusikia Kiswahili. Kama ni sauti za watu wa kitabuni tu zitakazorekodiwa, simu za kesho hazitamwelewa mama mboga wa Gatina.

Njia ya kuanza ni hii. Tafuta flashi ya 8GB, mwombe mtu wa saiba akupakulie Linux Mint na aiandike kwenye flashi. Hifadhi kazi zako mahali pengine kwanza. Washa laptopu kutoka kwenye flashi hiyo. Itafunguka bila kugusa kilicho kwenye diski, na utajaribu Wi-Fi, sauti na printa kabla hujaamua lolote. Itumie hivyo wiki moja. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu inasoma kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo. Na kama laptopu bado hujapata, fungua OpenStreetMap kwenye simu uvute karibu mpaka uione ploti yenu. Kama kichochoro mnachopitia kwenda kuteka maji hakipo, akaunti ya kukiongeza ni bure.